Mfasiri atajinadi vipi bila kuanika siri za watu?

Jedwali la fidia ni karatasi kavu. Safu ya kwanza ina jina la mwenye shamba, inayofuata namba ya kitambulisho, kisha kijiji, ukubwa wa eneo, idadi ya mikorosho, miembe, nyumba na vifaa vilivyoijenga, makaburi kama yapo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na huko mwisho kulia jumla ya shilingi atakazolipwa. Pamoja nalo huwekwa picha: mwenye mali amesimama mbele ya nyumba yake, ameshika kibao chenye namba kifuani.

Karatasi za namna hii si ngeni Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, tangu madini ya kinywe na nikeli yaanze kuwavuta wawekezaji. Mthamini huziandaa, serikali huzipitia, na kwa kuwa fedha za migodi mara nyingi hutoka ng'ambo, wapo watu wa Perth au London wanaotaka kujua nini kimeandikwa na nini kimesemwa vijijini. Katikati yao hukaa mtu ambaye jina lake haliingii kwenye safu yoyote. Amefasiri malalamiko ya mwenye shamba, amefasiri barua ya kampuni ya kumjibu, na akimaliza anaambiwa afute faili.

Kisha mtu huyo anatafuta kazi nyingine, na mteja mpya anamwambia neno ambalo seremala angelijibu kwa kuonyesha kidole kwenye kabati: hebu tuone ulizokwisha kufanya. Mfasiri hana kabati. Alichonacho ni nyaraka za watu.

Tumchukulie kijana wa Nambambo, hapa wilayani Nachingwea. Amesoma lugha chuo kikuu, amerudi nyumbani, ana kompyuta mpakato na bando la intaneti, na ameshagundua kwamba kazi ya kufasiri haimlazimu kupanga chumba Sinza. Leo anafasiri cheti cha kuzaliwa cha mtu anayeomba viza, kesho mkataba wa ajira, keshokutwa muhtasari wa mkutano wa kijiji. Wateja wake wengi hawajapata kumwona. Wanamjua kwa kurasa mbili za wasifu na sampuli alizoambatanisha. Kazi bora aliyoifanya mwaka mzima ni ripoti ya uhamishaji wa makazi, ndefu, ngumu, yenye istilahi za uthamini na sheria ya ardhi zilizomkosesha usingizi. Anaitazama, anawaza: nikifuta majina, nani atajua?

Watajua. Futa jina, futa namba ya kitambulisho, acha mengine yote. Mjane, mikorosho sitini na kitu, makaburi mawili, nyumba ya bati karibu na kisima cha kijiji. Mtu wa Dar es Salaam hataambulia kitu. Mtu wa Nachingwea atamtaja huyo mama kabla hujamaliza kusoma mstari, na atakutajia na marehemu mumewe. Hela ya fidia ikishajulikana ni kiasi gani, wanaanza kuja wadai wa zamani, wanakuja mashemeji wenye hoja za urithi, na usiku wanaweza kuja wengine wasiobisha hodi. Mwenye siri hapa si kampuni. Ni mama yule, ambaye hakuwahi kumwajiri mfasiri, hakusaini mkataba naye na pengine hajui kama yupo.

Hilo ndilo wafasiri wengi hulisahau wanapozungumzia usiri. Wanamfikiria mteja, mwenye pesa na mwanasheria, wala hawamfikirii mtu aliyetajwa ndani ya waraka.

Sheria yetu sasa inamfikiria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inawagusa wanaokusanya taarifa za watu na wanaozichakata kwa niaba ya wengine. Mfasiri anayeshika jedwali la fidia, cheti cha hospitali au hati ya talaka anashika taarifa binafsi, hata kama ameishika kwa siku mbili tu na kulipwa kidogo. Akiitumia kwa jambo ambalo haikukusanywa kwa ajili yake, kama vile kujitangaza, hawezi kujitetea kwa kusema mteja hakumkataza. Mkataba ukikaa kimya juu ya siri, ukimya huo haumpi mfasiri ruhusa yoyote.

Upande wa kampuni nao una yake. Mradi wa Lindi Jumbo wa Walkabout Resources na ule wa Chilalo wa Evolution Energy Minerals, yote miwili ya kinywe wilayani Ruangwa, iliendelezwa na kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia. Kampuni ya namna hiyo inabanwa na kanuni: jambo linaloweza kutikisa bei ya hisa litangazwe kwa wote kwa wakati mmoja. Aprili 2023 Evolution na Serikali ya Tanzania zilitia saini makubaliano ya Chilalo, serikali ikachukua asilimia 16 za hisa katika kampuni ya ubia, Kudu Graphite. Kabla ya siku hiyo, kujua tu kwamba kalamu zinakaribia kushikwa kulikuwa habari yenye thamani sokoni. Baada yake, magazeti yote yaliandika. Kwa hiyo kuna siri zenye tarehe ya mwisho na kuna zisizo nayo. Habari ya kusaini makubaliano inaisha usiri siku inapotangazwa. Jedwali la fidia la mama yule halitaisha usiri hata mgodi ukifungwa.

Tena kuna mtego wa udogo wa mahali. Ushauri unaotolewa duniani kote ni kwamba mfasiri asimtaje mteja, aeleze aina ya kazi tu: ripoti ya kijamii, sekta ya madini, Kiingereza kwenda Kiswahili, maneno elfu arobaini, mwaka fulani. Ushauri huo unafaa Nairobi au Johannesburg, ambako ripoti za aina hiyo ni nyingi. Ukiandika "mgodi wa kinywe, Ruangwa, 2022", umebakiza nini? Migodi ya kinywe Ruangwa inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki. Mfasiri wa huku kusini analazimika kupanua maelezo kuliko mwenzake wa mjini: aseme "madini, kusini mwa Tanzania", au aseme "miradi ya uwekezaji vijijini" na kunyamaza hapo. Wasifu wake utaonekana mwembamba. Ndiyo gharama ya kufanya kazi mahali ambapo watu wanafahamiana.

Makosa ya wasio na nia mbaya

Siri nyingi huvuja pasipo mtu kukusudia. Septemba 2017 shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilifichua kwamba nyaraka za kampuni ya mafuta ya Statoil zilikuwa zinapatikana kwa yeyote aliyetafuta Google: barua za kuachisha kazi, mikataba, hata nywila. Hakuna aliyeziiba. Watu walikuwa wamezibandika kwenye huduma ya bure ya Translate.com ili wapate tafsiri ya haraka, na mtandao ule ukazihifadhi mahali palipo wazi. Statoil mwaka uliofuata ilibadili jina ikawa Equinor, ambayo wasomaji wa Lindi wanaifahamu kwa mradi wa kusindika gesi asilia unaopangwa Likong'o. Yaani kampuni hiyo hiyo ambayo karatasi zake zinaweza kumfikia mfasiri wa mkoa huu ilishaonja uchungu huo.

Leo huduma za bure ni nyingi zaidi na zina lugha tamu zaidi. Mfasiri aliyebanwa na muda anabandika ukurasa mzima wa mkataba kwenye mashine, anarekebisha kinachotoka, anatuma. Hajamwonyesha mtu yeyote, lakini ameshautoa waraka nje ya mikono yake. Asome kwanza masharti ya huduma hiyo, na kama hayaelewi, asibandike.

Kuna na uvujaji wa hapa hapa mtaani. Anayechapa na kutoa kopi steshenari anaacha faili kwenye kompyuta ya duka. Flashi inapita kwa watu watatu. Mtu anatuma rasimu kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada wa neno moja gumu, na neno hilo limezungukwa na aya nzima ya taarifa za mteja. Na wale wanaotumia programu za kufasiria wanajua kwamba hutunza kila sentensi iliyowahi kufasiriwa. Akiba hiyo ni mali nzuri sana, hadi siku unapomkabidhi mwenzako aitumie kwa mteja mwingine na jina la mteja wa kwanza likajitokeza lenyewe katikati ya sentensi.

Jina la mfasiri nalo lina haki

Haya yote yasimfanye mfasiri aonekane kama mtu anayetakiwa kufutika. Novemba 1976 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulikutana Nairobi na kupitisha pendekezo la kuwalinda wafasiri na tafsiri zao kisheria. Moja ya mambo yaliyomo ni kwamba jina la mfasiri lionekane kwenye nakala za kazi yake iliyochapishwa. Jambo hilo lilipitishwa Afrika Mashariki, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na bado ukishika vitabu vingi madukani mwetu inakubidi upekue kurasa za ndani umtafute mfasiri kwa tochi.

Wa vitabu, hata hivyo, wamebahatika. Mwalimu Nyerere alifasiri tamthilia za Shakespeare na jina lake likasimama nazo. Mabepari wa Venisi ilitoka 1969 akiwa Rais. Ida Hadjivayanis alipomleta Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili katika Peponi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kila aliyeandika habari za kitabu hicho alimtaja. Mfasiri wa riwaya akiulizwa kazi zake anataja rafu ya maktaba. Wa mikataba, vyeti na ripoti za mazingira anabaki kusema "niaminini".

Wakalimani wana hali yao, na wao nawaonea huruma zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha hadi mwishoni mwa 2015. Mashahidi wengi walifichwa majina, wakaitwa kwa herufi tu, na mkalimani aliyewasikia kwa Kinyarwanda akiwa kibandani alikuwa miongoni mwa wachache waliowajua. Hukumu za mahakama ile ziko hadharani na zinasomwa vyuoni. Mkalimani anaweza kusema alifanya kazi pale. Alichokisikia milango ikiwa imefungwa atakwenda nacho kaburini.

Vijijini kwetu mpaka huo ni mwembamba zaidi. Mtaalamu wa kigeni anaposimama chini ya mwembe kwenye mkutano wa hadhara, maneno yake yamesikiwa na kijiji kizima. Mkalimani akisema "nilitafsiri mkutano ule" hajavunja lolote. Lakini mtaalamu yule yule, ndani ya gari wakati wa kurudi mjini, anaweza kugeuka na kumuuliza dereva: yule mzee mkali wa mbele ni nani, na tukimpa nini atanyamaza? Mkalimani analitafsiri na hilo, kwa kuwa dereva anatakiwa kujibu. Kazi ni moja, siku ni moja, na malipo ni mamoja, ila nusu inatajika na nusu haitajiki.

Nachingwea haianzi leo kuishi na mambo yasiyosemwa. Kambi ya FRELIMO iliyokuwa hapa, kwenye eneo lililobaki na jina la Farm 17 tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ilimlea Samora Machel na jeshi lake hadi Msumbiji ikapata uhuru 1975. Wapiganaji walisema Kireno na lugha za kwao, wenyeji Kiswahili na Kimwera, wakufunzi wa Kichina Kichina chao. Lazima walikuwapo watu wa kupitisha maneno, na walijua mambo ambayo Lisbon ingeyalipia fedha nyingi.

Cha kuonyesha kipo

Narudi kwa kijana wetu wa Nambambo, maana hawezi kula usiri. Nyaraka za hadharani zinazohusu eneo lake ni nyingi kuliko anavyodhani, na hilo ndilo jibu langu kwake.

Kuna kesi iliyosajiliwa mwaka 2020 katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ICSID, na mmoja wa wadai anaitwa Nachingwea U.K. Limited. Kiini chake ni mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, wilayani humu humu, ambao leseni yake ya kuhodhi eneo ilifutwa kufuatia mabadiliko ya sheria za madini ya 2017 na kanuni za mwaka uliofuata. Julai 2023 wasuluhishi waliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola za Marekani milioni 109, na mwaka 2024 pande mbili zikamaliza kwa makubaliano ya dola milioni 90. Fedha za umma, ardhi ya Nachingwea, na mjadala wenyewe umo ndani ya Kiingereza cha mawakili kinachochosha hata mawakili. Mfasiri akichukua kurasa tatu za uamuzi kama huo, akazifasiri kwa Kiswahili kinachoeleweka, akaweka asilia na tafsiri ubavu kwa ubavu na maelezo mafupi ya kwa nini alichagua istilahi hii akaiacha ile, amemwonyesha mteja uwezo wake wote. Hakuna aliyesalitiwa, na wananchi wa Nachingwea wamepata cha kusoma.

Kwa nyaraka za mahakama, sheria nayo inamsaidia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiweki ulinzi wa hakimiliki juu ya sheria na maamuzi ya mahakama, kwa hiyo yeyote anaweza kuzifasiri. Na tangu 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama, kiu ya tafsiri nzuri za kisheria imeongezeka. Tathmini za athari kwa mazingira huwa na muhtasari usio wa kitaalamu wa Kiswahili na Kiingereza. Kuusoma na kuonyesha namna ambavyo ungeandikwa vizuri zaidi ni mazoezi, na ni sampuli. Kwa riwaya na makala za watu asithubutu kuchapisha bila idhini ya mwenyewe.

Njia nyingine haina ujanja: aombe ruhusa. Kazi ikiisha na mteja akiwa bado ana furaha, amwandikie barua fupi kuomba mambo matatu: amtaje au asimtaje, aonyeshe ukurasa gani, na je, atakubali kupigiwa simu na mteja mwingine. Wengi watakataa mawili na kukubali la tatu, na mtu anayepokea simu na kusema "kazi yake safi, na haijawahi kuvuja" ana uzito kuliko sampuli kumi. Ithibati ya Baraza la Kiswahili la Taifa nayo inazungumza kwa niaba yake bila kumfunulia mgeni waraka wa mtu.

Jaribio fupi linalotolewa na mteja ni halali pia: aya moja au mbili, afasiri, apimwe. Awe macho tu na wale wanaotuma "jaribio" la kurasa kumi, kila mwombaji sehemu yake, hadi kitabu kizima kinafasiriwa bure. Asimwage pia wasifu wake wote, na saini na vyeti, kila mahali mtandaoni. Wapo matapeli wanaochukua wasifu wa mfasiri, wanabadilisha anwani na kuombea kazi kwa jina lake.

Na wenye kazi je? Kampuni za madini, asasi zinazofanya utafiti vijijini, vyama vya ushirika vyenye mikataba na wanunuzi wa korosho wa nje, na ofisi za umma zinazotoa zabuni za tafsiri, zote huandika kifungu kirefu cha kumfunga mfasiri mdomo. Ziongeze sentensi moja chini yake: mfasiri anaruhusiwa kusema amefanya kazi ya aina hii, yenye ukubwa huu, baada ya tarehe hii. Haizigharimu shilingi. Ripoti inapochapishwa kwa umma, jina la aliyeifasiri liwekwe ukurasa wa ndani, kama UNESCO ilivyosema Nairobi.

Nawe msomaji, ukitaka kumwajiri mfasiri na akakutumia kwa moyo mweupe mkataba wa mteja wake wa mwezi uliopita ili ujionee ustadi wake, usimpe kazi.